Mtu mwenye shida ya kuongea au kuelewa anapohojiwa na polisi: nani akae naye, na afanye nini hasa?

#1 Pumzi Ndefu (mleta mada)

Wakuu, salamu. Humu tumejadili sana haki za mtuhumiwa: wakili, dhamana, muda wa kukaa mahabusu. Kuna kipande huwa tunakiruka. Mtu anakaa mbele ya mpelelezi, swali linaulizwa, na yeye halielewi kama mimi na wewe tunavyolielewa. Au analielewa vizuri tu, ila jibu haliwezi kutoka. Inakuwaje hapo?

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Sehemu ya kazi yangu ni kukaa kwenye chumba cha mahojiano na watu wa namna hiyo, wengi wao waathirika na mashahidi, wachache watuhumiwa. Uzi ni mrefu, kaeni vizuri.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani, maana wengi wakisikia mada hii wanamfikiria kiziwi peke yake. Yumo mwenye ulemavu wa akili na mwenye usonji (autism). Yumo aliyepata kiharusi na maneno yakamkimbia. Yumo mwenye kupooza kwa ubongo, ambaye akili yake inaweza kuwa kali kuliko ya anayemhoji lakini matamshi yake mgeni hayapati. Mwenye kigugumizi, mzee aliyeanza kusahau, aliyeumia kichwa kwenye ajali, mtoto anayeongea nyumbani bila shida lakini mbele ya mtu asiyemjua sauti inagoma kabisa.

Halafu lipo kundi ambalo halina alama yoyote usoni: vijana wenye shida ya lugha tangu utotoni ambayo hakuna aliyewahi kuigundua. Shuleni waliitwa wazito au wakorofi. Tafiti za nchi mbalimbali kuhusu vijana walioingia kwenye mkono wa sheria zimekuwa zikikuta zaidi ya nusu yao wana shida hiyo. Hawa wanajibu "sijui", "ndiyo", "poa tu", wanainua mabega, na kwenye jalada inaandikwa kwamba mtuhumiwa alionyesha ujeuri.

Hoja yangu ni kwamba anayeshindwa kujibu si wa kumhofia sana, kwa sababu kila mtu chumbani anaona kuna tatizo. Wa kumhofia ni yule anayejibu vizuri. Anaitikia, anatabasamu, anakubali kila anachoambiwa, kwa sababu maisha yamemfundisha kwamba ukikubali, watu wanakuacha. Na ukimwekea mtu wa kukaa naye ambaye hajui kuutambua ukubalifu huo, umeongeza kiti chumbani basi.

Chukueni kesi ya Earl Washington, Virginia, Marekani. Alikamatwa 1983 kwa jambo jingine, akahojiwa kwa siku mbili. Kipimo chake cha akili (IQ) kilikuwa kama 69, wakati wastani wa watu ni 100. Akakiri kosa baada ya kosa, hadi akafika kwenye mauaji ya mwanamke mmoja yaliyotokea mwaka wa nyuma yake. Alipoulizwa marehemu alikuwa wa rangi gani, alisema mweusi. Alikuwa mzungu. Akaulizwa tena kwa namna iliyoonyesha jibu linalotakiwa, naye akabadilisha. Alisema alichoma kisu mara chache. Mwili ulikuwa na majeraha 38. Alihukumiwa kifo 1984, na 1985 zilibaki siku 9 tu auawe. Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyomtoa kwenye hukumu ya kifo mwaka 1994, akasamehewa kabisa 2000.

Angalieni pale kwenye rangi. Jibu lake la kwanza ndilo lililokuwa ushahidi: huyu mtu hajui lolote kuhusu tukio hili. Swali la pili likaufuta.

Mwanasaikolojia Gisli Gudjonsson, mtu wa Iceland aliyewahi kuwa polisi kabla ya kuhamia kwenye fani hiyo, alitengeneza mwaka 1984 kipimo cha udhaifu huu huu. Unasomewa kisa kifupi. Baadaye unaulizwa maswali 20, na 15 kati ya hayo yana mtego ndani yake, yanataja mambo yasiyokuwemo kwenye kisa. Ukimaliza unaambiwa, kwa uso usiocheka, kwamba umekosea mara kadhaa, turudie na safari hii ujitahidi. Yanaulizwa yote upya. Inahesabiwa mitego mingapi uliingia mara ya kwanza, na majibu mangapi uliyabadilisha baada ya kukaripiwa. Ukikifikiria vizuri, hicho kipimo ni mahojiano ya kituoni yaliyopunguzwa ukubwa. Na wenye ulemavu wa akili, kwa wastani, wanaingia mitegoni zaidi ya watu wengine.

Sasa nani akae naye? Hapa watu huchanganya kazi nne tofauti. Wakili anamtetea kisheria. Mkalimani anahamisha maneno kutoka lugha hadi lugha, awe wa lugha ya alama au ya kusemwa. Mtu mzima wa kumsimamia anaangalia kama anatendewa haki, kama amechoka, kama anaelewa kinachoendelea. Huyu alizaliwa kisheria Uingereza baada ya kesi ya mauaji ya Maxwell Confait ya 1972: vijana watatu wa London, wa miaka 14, 15 na 18, na yule mkubwa akiwa na uelewa wa mtoto mdogo, walihojiwa bila mtu mzima wa upande wao, wakakiri, wakafungwa, na mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu 1975. Sheria ya polisi na ushahidi ya 1984 ndiyo iliyokuja kulazimisha mtu huyo awepo.

Wa nne ndiye mimi, msaidizi wa mawasiliano. Mimi si wa upande wowote. Simtetei mhojiwa wala simsaidii askari kupata jibu. Naangalia kitu kimoja: swali limefika lilivyokusudiwa, na jibu limetoka lilivyokusudiwa?

Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kabla ya mahojiano. Nakaa na mhusika, tunaongea mambo mengine kabisa, kesi siigusi hata kidogo. Napima anashika sentensi ya urefu gani. Kama anajua "kabla" na "baada". Kama anaweza kusema "sijui" bila woga, na kama anaweza kunikosoa nikisema jambo la uongo waziwazi. Namwambia, "Kumbe umekuja na viatu vyekundu," na yeye kavaa vyeusi. Akiitikia "ndiyo", hapo hapo nimeshajua mahojiano haya yatakuwa na shida gani. Anadumu dakika ngapi kabla macho hayajaanza kuhama? Kisha nakaa na mpelelezi, namweleza nilichokiona, tunapitia maswali yake, tunakubaliana nitamkatiza vipi. Msaidizi anayetambulishwa mlangoni mahojiano yakiwa yanaanza hana la kusaidia pale.

Karibuni, ulizeni, pingeni.

#2 Mbishi Asilia

Mkuu mleta mada, umeandika vizuri ila mimi naona huu ni mlango wa wahalifu. Kesho kila jambazi atajifanya haelewi swali, aletewe mtu wa kumpumzisha kila dakika kumi. Anayeumia ni mwathirika. Na mtu ambaye hajafanya kosa atakirije? Mimi hata mnikeshe siwezi kukubali nimeua.

#3 Vidole Vinasema

Nipo hapa nafuatilia. Nitarudi na ya viziwi.

#4 Pumzi Ndefu (mleta mada)

@Mbishi Asilia asante kwa kuja na la moyoni, wengi wanafikiri hivyo hivyo.

Kuhusu kukiri: soma habari za Stefan Kiszko. Uingereza, 1975, msichana wa miaka 11 ameuawa. Kiszko alikuwa karani, mtu mpole aliyekuwa bado akiishi chini ya kivuli cha mama yake. Alihojiwa bila wakili, akakiri. Baadaye alieleza kwamba alidhani akikubali watamruhusu arudi nyumbani, halafu wakienda kuhakiki maneno yake wataona si kweli. Kwenye nguo za marehemu kulikuwa na mbegu za kiume, na yeye kwa maradhi yake hakuwa na uwezo wa kuzitoa. Kipimo hicho kilikuwepo tangu mwanzo na hakikuletwa mahakamani. Akafungwa 1976, akatoka 1992, akafariki mwaka uliofuata. Muuaji mwenyewe, Ronald Castree, alitiwa hatiani 2007.

Hesabu mwenyewe miaka ambayo huyo Castree alikuwa mitaani. Sasa nani aliyefaidika na yale mahojiano?

Na kuhusu mwathirika, hapo tupo upande mmoja kabisa. Nimesema wengi ninaokaa nao ni waathirika. Mtu mwenye ulemavu wa akili aliyebakwa, maelezo yake yakichukuliwa ovyo, yatakuwa na saa tatu tofauti na majina yaliyogeuzwa. Wakili wa mshtakiwa anasoma karatasi mbili mbele ya hakimu, kesi imekwisha. Wapo wanaowinda watu wa aina hii kwa sababu wanajua hawataaminika kituoni.

Wa kujifanya wapo, sikatai. Ila kujifanya kwenye kipimo cha lugha ni kugumu kuliko unavyodhani. Anayeigiza hukosea hata yale ambayo mwenye shida ya kweli huyapata.

#5 Koplo Mstaafu

Nimefanya kazi ya upelelezi mpaka nilipostaafu, naomba niseme kwa upande wetu bila kupamba.

Mleta mada anaongelea chumba tulivu na mtaalamu aliyejiandaa. Hali halisi ni usiku, mpelelezi mmoja ana majalada yamejaa meza, simu ya ofisini inalia, mlalamikaji analia nje, na bosi anataka maelezo asubuhi. Huyo mtaalamu wa usemi utamtoa wapi? Sehemu nyingi hayupo. Na sisi wengi tulifundishwa kuchukua maelezo, yaani kuandika. Kuuliza tulijifunza kwa kumtazama mkubwa anavyouliza, na mkubwa naye alimtazama mwingine.

Nakubali kuna watu tuliwaandika "alikataa kutoa ushirikiano" na leo nikikumbuka nyuso zao nadhani walikuwa hawaelewi. Ila tupe kitu askari anaweza kukifanya peke yake bila kusubiri mtaalamu. Weka nyama hapo.

#6 Pumzi Ndefu (mleta mada)

Afande, heshima yako. Hili ndilo swali lenyewe, nitajibu kwa kirefu.

Anza na onyo. Ukimaliza kumsomea haki zake usimuulize "umeelewa?", kila mtu atasema ndiyo, hata mwenye digrii. Mwambie: "Nieleze kwa maneno yako, ukiamua kunyamaza itakuwaje?" Akirudia maneno yako kama yalivyo, hajaelewa, amekariri. Gawa onyo vipande, kila kipande na maelezo yake. Ikigonga mwamba mara mbili tatu, simama, andika kwamba hajaelewa, tafuta msaada. Ukiendelea hapo, maelezo utakayopata hayatakufikisha mbali mahakamani.

Kisha acha aeleze mwenyewe. "Niambie kilichotokea, tangu mwanzo." Halafu nyamaza. Hapa askari wengi hushindwa, kimya kinawauma. Mwenye shida ya lugha anahitaji muda wa kulipokea swali, kulitafuta jibu, na kulipanga. Ukiuliza tena baada ya sekunde mbili umemrudisha mwanzo. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mwenye kigugumizi usimmalizie neno, hata kama unalijua, maana utalimalizia kwa neno lako na litaandikwa kama lake.

Lugha yetu nayo ina mitego yake, na humu sijaona mtu akiizungumzia. Ukimwuliza "Hukumwona Juma?" akajibu "ndiyo", amemwona au hakumwona? Kwetu hiyo "ndiyo" mara nyingi ina maana "ni kweli, sikumwona", lakini anayesoma maelezo miezi sita baadaye anaweza kuisoma vingine. Maswali ya kukanusha achana nayo kabisa. Uliza: "Ulimwona nani?"

Angalia pia hii: "Alimpiga akakimbia." Nani alikimbia? Kiswahili hakisemi. Mtu wa kawaida ukimwuliza anafafanua. Mwenye shida ya lugha hajui kama umepotea. Kila mara rudisha majina: "Juma alimpiga Hassan. Nani alikimbia?" Swali moja, jambo moja.

Halafu kuna maneno ya kuzungukazunguka. "Alikufanyia tabia mbaya?" "Alikuingilia?" Tunatumia kwa aibu na adabu, lakini mwenye usonji au ulemavu wa akili anaweza kuelewa tabia mbaya ni kutukana. Atakujibu hapana, na kesi ya ubakaji imefungwa kwa adabu zako. Sehemu za mwili zitajwe kwa majina anayoyatumia yeye, hata kama yanakuchoma masikio. Mchoro wa mwili wa mtu unasaidia, aonyeshe kwa kidole, na mchoro huo uhifadhiwe na tarehe.

Maswali ya "A au B" yana ugonjwa wake: wengi huchagua la mwisho kwa sababu ndilo lililobaki kichwani. Kama huna njia nyingine, yageuze baadaye, B kisha A. Akichagua la mwisho mara zote mbili, hujapata jibu. "Kwa nini" nayo iache ikiwezekana, inasikika kama lawama. Na ukirudia swali lile lile neno kwa neno, anadhani alikosea, anabadilisha. Mwambie mapema: "Nikiuliza tena ni mimi sijaelewa. Jibu lako linaweza kuwa lile lile."

Saa usimdai. Anayeshindwa saa atakupa yoyote ili umwache. Tafuta matukio: nani alikuwa amesharudi nyumbani, taa zilikuwa zimewashwa au la, na kadhalika.

Hivi vyote askari anaweza akiwa peke yake usiku. Utaratibu wa mahojiano wa Uingereza uliotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ule wa hatua tano kuanzia kupanga mpaka kutathmini, ulitokana na polisi wenyewe kuchoshwa na kesi zinazovunjika kwa sababu ya maungamo ya kubanwa. Haukuletwa kuwaonea huruma watuhumiwa.

#7 Mbishi Asilia

Hapo kwenye "alimpiga akakimbia" umenigusa. Nimekaa naangalia sentensi hiyo dakika nzima.

#8 Vidole Vinasema

Nimerudi. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama.

Jambo la kwanza ambalo askari wengi hawalijui: ukimfunga kiziwi pingu kwa nyuma umemziba mdomo. Hawezi kusema lolote hadi uzifungue. Nimewahi kuitwa nikakuta mtu ameandikwa "amekaa kimya tangu akamatwe", na mikono iko mgongoni.

La pili, kiziwi akiitikia kwa kichwa wakati unaongea ana maana "nakufuata, endelea". Hajakubali kosa. Na kusoma midomo si kama kusoma gazeti. Sauti nyingi zinafanana midomoni, P na B na M huwezi kuzitofautisha kwa macho, kwa hiyo anakisia kwa kuunganisha. Ukiwa na sharubu au ukiinamisha kichwa kuandika, anakisia zaidi.

La tatu, kuandikiana kwenye karatasi. Wengi waliozaliwa viziwi lugha ya kusemwa kwao ni lugha ya pili, na shule haikuwatendea haki. Karatasi anaweza kuisaini bila kuielewa nusu yake.

La nne, na hili ndilo gumu. Wapo viziwi ambao hawajawahi kwenda shule na hawajui lugha ya alama rasmi. Wana ishara za nyumbani tu. Mimi peke yangu sitoshi hapo. Anahitajika kiziwi mwenzake mwenye mafunzo, anayebadilisha ishara hizo kuwa lugha ya alama, halafu mimi naipeleka kwenye sauti. Tunakuwa wawili. Inaenda taratibu, na kamera lazima ichukue mikono ya kila mmoja, siyo uso wa mhojiwa tu. Bila picha ya mikono hakuna atakayeweza kuhakiki tafsiri yangu, na tafsiri isiyohakikika mimi siitaki ibaki na jina langu.

#9 Mama wa Mmoja

Samahanini kwa kuingilia wataalamu. Nina kijana wangu ana usonji, sasa ni mtu mzima. Anaongea, ila akibanwa anarudia maneno ya mwisho uliyomwambia. Ukimwambia "ulichukua wewe?" atasema "ulichukua wewe". Nawaza siku akishikwa kwa kusingiziwa itakuwaje. Si mimi mama yake ndiye ninayemjua kuliko wote? Kwa nini nisikae naye mimi?

#10 Pumzi Ndefu (mleta mada)

Dada, hujaingilia, mada ni yako kuliko yetu.

Unachokijua wewe hakuna mtaalamu atakayekipata kwenye nusu saa, na mtu wa kwanza ninayemwuliza ni mzazi. Anaonyeshaje kwamba ameelemewa? Kitu gani kinamtuliza? Hilo la kurudia maneno ya mwisho ni la kuandikwa kabisa, kwa sababu askari asiyejua atasikia "ulichukua wewe" kama ujeuri, au mbaya zaidi, mwanao akirudia "nilichukua" iliyosemwa na askari, ikaandikwa amekiri.

Lakini kukaa chumbani ni jambo jingine. Mzazi hujibu. Bila kujijua, unaona mwanao anahangaika, unamsaidia neno, na neno hilo linakuwa lako. Mtoto naye hukutazama usoni kabla ya kujibu. Na kuna mambo hawezi kuyasema mbele ya mama, hasa akiwa ndiye aliyetendewa. Nisiseme zaidi, ila mara nyingine mtendaji yumo humo humo kwenye familia, na ndiye aliyejitolea kuja kumsindikiza.

Ikilazimu ukae, kaa pembeni yake kidogo nyuma ili asiweze kukusoma uso. Na usiongee naye habari za tukio lenyewe ukiwa peke yako naye kituoni. Wakili anachoambiwa na mteja wake kina ulinzi wa siri. Wewe na mimi hatuna ulinzi huo kwa kawaida; tunaweza kuitwa kutoa ushahidi wa tulichosikia.

Kwa sasa hivi, kabla hakuna lolote, mtengenezee kadi ya mfukoni yenye sentensi chache. Nina usonji. Nikibanwa narudia maneno yako, sijakubali. Kelele na kushikwa ghafla vinanitisha. Mpigie mtu huyu. Na mfundishe kuitoa: kwa utulivu, aombe kwanza, asizamishe mkono mfukoni mbele ya askari bila kusema.

#11 Wakili wa Kona

Nichangie upande wa sheria kwa kifupi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ibara ya 13, unadai marekebisho ya utaratibu ili mtu mwenye ulemavu ashiriki kesi, na unataja wazi hatua ya upelelezi na mafunzo kwa polisi. Miongozo ya 2020 ya Umoja wa Mataifa kuhusu upatikanaji wa haki kwa watu hao inawataja wasaidizi wa mawasiliano moja kwa moja. Kanuni zinazoitwa za Méndez za 2021, kwa jina la Juan Méndez aliyekuwa mchunguzi maalumu wa mateso wa umoja huo, zina kanuni nzima juu ya mtu aliye katika hali dhaifu.

Kwenye sheria za nchi kuna mapengo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50(7), inaruhusu msaidizi kwa mlalamikaji na kwa mshtakiwa, ila inazungumzia mahakama. Uingereza na Wales wana wasaidizi waliosajiliwa kwa sheria ya 1999, lakini kituoni mfumo huo ni wa waathirika na mashahidi, mtuhumiwa hayumo. Ireland Kaskazini walipoanzisha wao 2013 waliwaingiza wote wawili. Mimi naona hao ndio waliofikiri sawasawa, kwa sababu chumba ni kile kile na ulimi ni ule ule, awe analalamika au analalamikiwa.

Angalizo moja. Mahakama ikikuta mtu dhaifu alihojiwa bila msaada, inaweza kuyakataa maelezo yote. Mawakili wenzangu wengi hawaombi hilo kwa sababu hawajui mteja wao ana shida. Wanadhani ni mkaidi.

#12 Kipepeo Mweusi

Nina swali la uchokozi. Kuna jamaa nilimwona anamsaidia mtu asiyeongea "kuandika" kwenye ubao wa herufi. Anamshika kiwiko, kidole kinaenda kwenye herufi, zinatoka sentensi ndefu kama za mwandishi wa vitabu. Hiyo nayo ni msaada wa mawasiliano?

#13 Pumzi Ndefu (mleta mada)

Hapana. Kimbia.

Njia hiyo ilipimwa sana miaka ya 1990. Mshikaji na mhusika wanaonyeshwa picha, kila mmoja yake bila kuona ya mwenzake. Kinachoandikwa ni picha aliyoiona mshikaji. Mara nyingi mwenyewe hajui kwamba anaongoza mkono, anaamini kabisa, na hapo ndipo ubaya ulipo. Wapo wazazi waliotuhumiwa kudhalilisha watoto wao kwa maneno yaliyotoka kwenye vidole vya msaidizi.

Ubao wa picha au kifaa cha kutoa sauti ambacho mtu anakitumia mwenyewe, kwa kidole chake, kwa jicho, kwa kichwa, hicho ni halali kabisa. Shida yake ni nyingine: ndani mna maneno gani? Wengi wana "maji", "choo", "cheza". Hakuna "hapana, hukuelewa". Hakuna neno la sehemu za siri. Ukiyaongeza baada ya tukio, yaongezwe mengi kwa pamoja, ya kila sehemu ya mwili na watu wengi anaowajua, na iandikwe nani aliyaongeza na lini. Ukiweka picha ya mjomba peke yake umeshamjibia.

#14 Msomaji Kimya

Huwa nasoma tu, leo naomba msaada. Kaka yangu alipata kiharusi mwaka huu. Anaelewa tukimwambia mambo taratibu, lakini maneno yanatoka siyo. Anataka kusema "ndiyo" inatoka "hapana", na yeye mwenyewe anajua imekosea, anakasirika. Aliibiwa na mtu aliyekuwa anamhudumia, na Jumatatu anaitwa kutoa maelezo. Hatuna mtaalamu karibu. Tumwandae vipi?

#15 Pumzi Ndefu (mleta mada)

Pole sana, ndugu. Mpigieni mpelelezi kabla ya Jumatatu, mwombeni mambo machache.

Muda uwe asubuhi, akiwa amepumzika. Uchovu unakula lugha ya mtu wa kiharusi haraka sana. Vipindi vifupi na mapumziko. Kama haiishi siku hiyo, arudi siku nyingine. Chumba kisiwe na redio wala watu wanaoingia na kutoka.

Kwa sababu "ndiyo" na "hapana" zinageuka mdomoni, mdomo usitumike kwa majibu hayo. Chukueni karatasi tatu kubwa, moja NDIYO, nyingine HAPANA, na ya tatu SIYO HIVYO, JARIBU TENA. Aguse. Kabla ya kuanza, mpelelezi ampime kwa maswali ambayo jibu lake wote wanalijua: "Wewe ni mwanamke?" "Tumekaa?" Mkono ukiwa sahihi mara zote, mahojiano yaendelee kwa mkono, na majaribio hayo yawemo kwenye kumbukumbu. Mkono nao ukikosea, maswali ya ndiyo na hapana yaachwe kabisa.

Maneno muhimu ya swali mpelelezi ayaandike kwenye karatasi huku akiuliza, herufi kubwa. Kalenda iwe mezani, na mpango wa nyumba uliochorwa, aonyeshe vitu vilikuwa wapi. Picha za watu ziwe kadhaa, siyo mtuhumiwa peke yake. Ninyi ndugu msimwelezee tukio upya wala msimfanyishe mazoezi ya majibu. Mazoezi yawe ya kugusa karatasi tu, kwa habari za mpira au hali ya hewa.

#16 Koplo Mstaafu

Niongezee kwa Msomaji Kimya. Mwambieni mpelelezi aandike mwanzoni kabisa mwa maelezo jinsi yalivyochukuliwa: nani walikuwepo, karatasi gani zilitumika, mapumziko saa ngapi. Alipogusa aandike "aligusa HAPANA", asiandike "alisema hapana". Na zile karatasi zenyewe, na mchoro wa nyumba, zisitupwe kwenye kapu pale ofisini. Zitiwe sahihi na tarehe, ziingie kwenye jalada kama vielelezo. Kama kuna simu ya kurekodi video, irekodi mikono. Akikataa kwa sababu hajawahi kuona maelezo ya namna hiyo, mwombeni mkuu wa upelelezi wa kituo, kwa upole, na mwende na barua ya daktari.

#17 Msomaji Kimya

Asanteni sana wakuu. Karatasi naziandika leo. Nitaleta mrejesho.